Mashine ya Kuokoa Maji Katika Nyumba Isiyo na Maji

Leo niruhusu niweke mahubiri kando kidogo tuongee juu ya kufua nguo. Usicheke. Wachungaji pia huvaa soksi, na majoho ya kwaya hayajifui.

Kwetu Kitengela tuna mashine mbili. Moja ni ile ya zamani ya mapipa mawili: pipa moja linafua, la pili linakamua, na kuhamisha nguo ni kazi ya mikono yako. Nyingine ni ya kisasa, ya mlango wa mbele, kilo saba, zawadi ya shemeji yangu. Ina stika inayosema inaokoa maji na stima. Nimeishi na zote mbili, na karibu kila wenzi wanaojiandaa kwa harusi pale kanisani huniuliza wanunue ipi. Wengi wanataka hiyo ya kisasa, tena kwa mkopo wa chama. Kwa hivyo nisikilize na wewe, kabla hujatia sahihi.

Kwanza tuitendee haki mashine ya shemeji. Nguo huwa safi kwa mambo manne: maji yenye joto, sabuni, kusuguliwa, na muda. Ukipunguza moja, lazima uongeze lingine. Mama zetu mtoni waliongeza kusugua. Mashine za zamani za Marekani, zile za kufunguliwa juu zenye mhimili katikati, ziliongeza maji. Zilikuwa zinajaa karibu pomoni, na mzigo mmoja ungeweza kunywa lita 150. Serikali yao ikaanza kukaza viwango, ikakaza tena mwaka wa 2007, na watengenezaji wakalazimika kupunguza maji na joto. Hata huko watu walilalamika, wakisema nguo zinatoka kama hazijalowa sawasawa. Kilichobaki kuongezwa ni muda. Ndiyo maana mashine yetu, ukiiweka kwenye programu ya kuokoa, inachukua zaidi ya saa tatu. Ndani yake maji ni kidogo tu, nguo zinainuliwa na kuangushwa, zinainuliwa na kuangushwa, kwa upole ambao shati linaushukuru. Hiyo ni akili nzuri. Sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni kwamba akili hiyo ilitungwa kwa ajili ya nyumba fulani, na nyumba hiyo si yangu. Labda si yako pia.

Hebu tufanye hesabu. Kitabu cha mashine yetu kinataka maji yenye presha ya angalau baa 0.5. Baa moja ni kama maji yaliyosimama mita 10 juu yako, kwa hivyo nusu yake ni mita 5. Tenki letu liko juu ya chuma cha mita 3, na mdomo wa mashine uko mita moja kutoka sakafuni. Sasa toa. Mashine inangoja maji, inangoja, kisha inaandika herufi na nambari usoni na kuanza kulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Fundi akaja, akashauri tununue pampu ya kuongeza presha. Pampu inataka stima. Tokeni zikiisha katikati ya kazi, mlango umejifunga, na shati lako la Jumapili liko ndani linakuangalia kupitia kioo. (Ukifika hapo usivunje mlango. Chini mbele kuna kifuniko kidogo cha chujio. Weka beseni, toa maji hapo taratibu, kisha ngoja mlango ulegee.)

Na kama maji ya mfereji hayaji wiki nzima? Watu wa mitaa yetu wamegundua njia: unamwaga maji kwa jagi kupitia droo ya sabuni. Inafanya kazi, nakubali. Lakini itabidi usimame hapo, kwa sababu mashine itaomba maji ya kufua, kisha ya kusuuza mara ya kwanza, ya pili, pengine ya tatu. Saa tatu umesimama na jagi. Afadhali beseni, kwa beseni unajua utamaliza lini.

Mashine ya mapipa mawili haijali maji yametoka wapi. Maji ya mvua kutoka kwenye mfereji wa paa, ya lori, ya punda, yote inapokea kwa ndoo. Tena yale maji ya sabuni hayamwagwi. Zinaanza nyeupe, zinafuata za rangi, halafu suruali na soksi za watoto zenye ule udongo mweusi wa Kitengela unaong'ang'ania kama deni. Mwisho yanaosha veranda au yanaenda chooni. Mke wangu, ambaye hapendi maneno matupu, alihesabu mitungi. Mizigo mitatu katika mashine ya zamani, pamoja na kusuuza, ilikula mitungi minane ya lita 20, yaani lita 160. Ile ya kisasa hutumia kama lita 50 kwa mzigo, kwa hivyo mizigo mitatu ni lita 150. Tumeokoa nusu mtungi! Na stima je? Ile ya zamani haichemshi maji kabisa, na inafua kwa dakika 15. Ya kisasa ukiiambia digrii 60 inachemsha yenyewe, na hapo ndipo tokeni zinapoyeyuka. Weka kwenye maji baridi kama huna sababu ya kufanya vingine.

Jambo la sabuni pia. Ile ya unga tunayofulia kwa mkono ina povu jingi. Ndani ya mashine yenye maji machache, povu linakuwa mto: nguo zinaangukia povu badala ya kugongana, na mashine nyingi zikigundua povu zinaongeza kusuuza, yaani maji yale yale uliyotaka kuokoa. Tumia sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, kidogo. Ukimaliza, panguza ule mpira wa mlangoni na uache mlango wazi, la sivyo nguo zitanuka ukungu. Nimekaa karibu na waumini wenye harufu hiyo. Sisemi ni nani.

Tukitoka kubatiza mtoni, yale mavazi yote ya ubatizo na matope yake huenda kwenye mashine ya zamani. Asubuhi moja yanaisha. Ya mlango wa mbele ingetaka siku mbili.

Lakini kinachoniuma zaidi si presha. Ni mama anayetufulia Alhamisi. Amesomesha watoto kwa kazi ya mama fua, na mashine ya mapipa mawili haikumfukuza, ilimpumzisha mgongo. Alikuwa anamaliza kwetu saa sita na kuingia nyumba ya pili. Kisha mashine za kisasa zikaingia mtaani, na nyumba tatu zikamwambia asirudi. Baada ya miezi michache nyumba mbili zikamwita tena. Unajua kwa kazi gani? Kusimama karibu na mashine akimwaga maji kwenye droo. Zamani walimlipa shilingi 600. Sasa wanampa 300, kwa sababu eti siku hizi mashine ndiyo inafua.

Mpendwa, kama wewe ni mmoja wao, na najua baadhi yenu mnasoma hapa, huyo mama anabeba mitungi ile ile kutoka getini. Anasimama saa nyingi kuliko zamani, na ile nyumba ya pili ya mchana hapati tena. Mlipe 600 zake.

Nanyi mnaofunga ndoa Desemba: kabla hamjaenda dukani, pimeni urefu wa tenki kwa utepe. Muulizeni mwenye nyumba maji huja siku gani, na msikubali jibu la "huja tu". Mkikuta mnaishi penye presha na maji kila siku, nunueni ya mlango wa mbele bila wasiwasi, itawatunzia nguo vizuri. Mkikuta mnaishi kama sisi, chukueni ya mapipa mawili kwa pesa taslimu, na zinazobaki nunueni tenki la pili.

Shemeji, ukisoma haya, mashine yako ni nzima na tunaipenda. Mwezi wa saba, maji yakiwepo, inakamua nguo mpaka zinatoka karibu kavu, na kwa baridi ya hapa hiyo ni neema tosha.