Kisiwa Nilichokililia kwa Mbali

Msomaji, huenda wewe nawe una mahali unapopapenda ingawa si kwenu. Mimi nina Mafia, kisiwa cha Tanzania kilichoko mbele ya mlango wa mto Rufiji. Nilifika huko mara ya kwanza baada tu ya kuhitimu chuo cha ualimu, na tangu hapo likizo zangu kadhaa zimeishia Utende, nikitazama vyombo vikivuka kwenda Chole, kisiwa kidogo chenye magofu ya kale na popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Palikuwa na mkungu mmoja ufukoni. Chini ya kivuli chake nilisahihisha madaftari, nilisoma, na aghalabu nililala. Mwenyeji wangu alikuwa nahodha mzee, ambaye alinifunza kuitambua kaskazi na kusi kwa kuisikia tu shavuni.

Ijumaa, tarehe 3 Mei 2024, nilikuwa katikati ya jiji la Nairobi, nimesimama na kundi la watu mbele ya duka moja la Mtaa wa Tom Mboya, tukitazama televisheni. Mvua ilikuwa imenyesha majuma mengi. Rais alitangaza kwamba shule, zilizotazamiwa kufunguliwa Jumatatu, hazingefunguliwa mpaka amri nyingine itolewe, kwa sababu ya mafuriko. Akataja pia kimbunga kilichokuwa kikiukaribia mwambao. Kiliitwa Hidaya. Neno hilo katika lugha yetu maana yake ni zawadi, na sijapata kuona zawadi iliyoogopwa vile.

Vimbunga si wageni wa kila mwaka katika pwani yetu. Hupata nguvu zao katika maji ya bahari yenye joto, na huzunguka kwa sababu dunia nayo inazunguka. Walakini karibu na Ikweta msukumo huo ni hafifu, ndiyo maana vingi huishia Madagaska na Msumbiji. Hata hivyo kimoja kiliiangusha mikarafuu ya Unguja mwaka 1872, na kingine kiliipiga Lindi mwaka 1952. Mafia iko karibu nyuzi 8 tu kusini ya Ikweta. Haya yote nilikuwa nikiyafundisha darasani kwa utulivu mkubwa.

Utulivu ule haukunifaa kitu Jumamosi. Siku hiyo kimbunga kilifika Mafia, nami nilikuwa Kangemi, magharibi ya jiji, nikipiga simu isiyopokewa. Nilitoka na kuingia, nikapanda na kushuka kilima kutafuta mahali ambapo sauti ingeshika. Picha zilikuwa zimeanza kuenea: miti imelala, mapaa yamebebwa. Kila mti niliudhania wa Utende. Usiku Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilitangaza kwamba Hidaya kimekwisha nguvu, lakini sikulala.

Jumapili simu ilipokewa.

"Shikamoo, mzee wangu! Ule mkungu upo?"

Nasema kweli, msomaji, hilo ndilo nililouliza kwanza. Sikumuuliza hali yake, wala wajukuu zake, wala chombo chake. Pakawa kimya kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Sisi wazima, alhamdulillahi. Paa la jiko limekwenda, na dau limepasuka ubavu. Mkungu sijautazama. Na nyinyi huko? Tumesikia maji yamechukua watu."

Naam, yalikuwa yamewachukua. Mwezi Aprili yalipita Mathare usiku watu wamelala. Na alfajiri ya tarehe 29 yalishuka Mai Mahiu yakazoa nyumba na kuua makumi ya watu. Hata karibu nami, fundi cherehani anayekaa bondeni, kando ya kijito, alikuwa ameipandisha cherehani yake juu ya meza tangu Alhamisi. Nilikuwa nimepita mlangoni pake mara nne, simu sikioni, nikiilia minazi.

Nilimjibu nahodha kwa machache niliyoyajua, nikaona haya kwa uchache wake. Tulipoagana nilichukua ndoo, nikashuka bondeni. Fundi hakuniuliza nilikuwa wapi siku zote tatu.

"Karibu, mwalimu," akasema, akanionyesha pembe ya chumba iliyokuwa na matope mengi kuliko nyingine. "Anzia pale."