Lawino Alipofika Kimironko

Muhula uliopita tulisoma washairi wa Uingereza wa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Philip Larkin, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Hull, alinivutia: anasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekaa peke yake dirishani mwa basi. Ted Hughes na wanyama wake walinichosha kidogo. Niliandika insha, nikapata alama nzuri, nikadhani nimemalizana na kipindi kile.

Baba alipoisoma akaniuliza, "Na Okot je?"

Baba alikulia ukimbizini Uganda, na huko ndiko alikosoma Song of Lawino. Mimi sikujua hata kwamba Okot p'Bitek alifika Uingereza mwaka 1956 na timu ya taifa ya soka ya Uganda, akabaki kusoma: Bristol, Aberystwyth, kisha Oxford. Mwaka mmoja nyuma Larkin alikuwa ametoa The Less Deceived. Lakini Okot hakwenda kule kutafuta sauti, alikuwa nayo. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mtunzi na mwimbaji wa Kiacholi. Kitabu cha Kiingereza kilitoka Nairobi mwaka 1966. Wer pa Lawino, chenye Kiacholi chake, kikachapishwa 1969. Msomaji alianza na tafsiri, mshairi alianza na mama.

Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Bibi yangu, tunayeishi naye hapa Kimironko, anajua amazina y'inka, mashairi ya kusifu ng'ombe, na huyaghani huku akichambua maharage. Mimi ni mtoto wa shule za baada ya 2008, Kiingereza kilipofanywa lugha ya kufundishia. Kinyarwanda cha sokoni ninacho, hiki cha ng'ombe kinanipita. Miaka yote nimekuwa nikitikisa kichwa kana kwamba naelewa.

Jumamosi nilimwendea na daftari.

"Nyogokuru, kuna maneno siyaelewi."

"Yapi?"

"Karibu yote."

Hakucheka. Aliweka ungo chini, akasema alikuwa akingoja nichoke kudanganya. Kisha akaanza na ng'ombe mmoja wa baba yake: rangi, pembe, mwendo wake akishuka mtoni. Jua lilipozama tulikuwa mstari wa nne, na maharage hayajawekwa jikoni.