Jina ambalo hatukulitaja kwa miaka 15

Mwaka jana nilikwenda Omaha, Marekani, kumsalimia dada yangu. Jumamosi moja vijana wa kanisani kwao walikuwa na safari, mpwa wangu wa miaka 13 akiwemo, nasi tukaongozana nao. Dada alijiunga huko na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi huliita la Wamormoni. Mimi nimebaki na Ulutheri wetu wa nyumbani.

Kaskazini mwa mji kuna mahali panaitwa Winter Quarters. Waumini wa mwanzo wa kanisa hilo, baada ya kufukuzwa Nauvoo, Illinois, walipiga kambi hapo majira ya baridi ya 1846 wakielekea magharibi. Walilala kwenye vibanda vya magogo na mashimo waliyochimba ardhini. Mamia walikufa.

Mwongozaji aliposimulia fizi kutoka damu na miguu kugeuka myeusi, nikanong'ona: kiseyeye. Walikuwa wakila mahindi na nyama ya chumvi, bila mboga wala matunda. Viazi vilivyoletwa kutoka Missouri vilisaidia wengi kupona. Na kumbe tangu 1747 James Lind, daktari wa meli za Uingereza, alishaonyesha kuwa machungwa na malimau yanatibu ugonjwa huo! Mambo ya namna hiyo nayaandika kila wiki, sikushtuka.

Kilichonishtua ni sanamu iliyo makaburini: baba na mama wamesimama, wanatazama chini kwenye kaburi la mtoto wao mchanga.

Hekalu, lililofunguliwa 2001, liko jirani kabisa na makaburi hayo. Vijana waliingia kubatizwa kwa niaba ya ndugu waliofariki. Mpwa wangu alikuwa na jina la bibi mzaa bibi yetu. Mimi si muumini, hivyo nilibaki nje. Dada angeweza kuingia, lakini alibaki nami.

Siku chache kabla, binti alikuwa amemuuliza mama yake kama kuna marehemu mwingine kwenye familia. Dada akajibu hakuna.

Yupo. Mtoto wake wa kwanza alifariki kwa malaria akiwa na miezi saba, kabla dada hajaondoka Tanzania. Mimi nilikuwa na miaka 13. Wakubwa waliniambia nisimtajie dada jina lile, asije akaanza kulia upya, nikatii. Nimeandika habari nyingi za vifo vya watoto chini ya miaka mitano, na sijawahi kumuuliza dada yangu analala vipi.

Mbele ya ile sanamu alilitaja mwenyewe, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

Binti alitoka nywele zikiwa bado mbichi. Dada akamkalisha kwenye nyasi, akamweleza yote. Nilitegemea hasira.

"Mama, naye tumwombee ubatizo?"

Dada akamwambia kanisa lao linafundisha kuwa anayefariki kabla ya miaka minane hahitaji ubatizo.

Binti akakaa kimya. Kisha akanigeukia.

"Mama mdogo, wewe ulimwona? Alikuwa na meno?"

"Mawili," dada akawahi kujibu. "Ya chini."