Bunduki za Jeshi Zikistaafu: Anniston na Bariadi

Katika duka moja mjini Anniston, jimbo la Alabama nchini Marekani, bunduki za Vita Kuu ya Pili zimesimamishwa kwa safu na kila moja ina kijikaratasi cha bei. Mteja huchukua moja, huvuta bolti nyuma, humulika ndani ya mtutu kwa tochi, kisha huingiza kipimo cha chuma mdomoni mwa mtutu huo kuona chuma kimelika kiasi gani. Akimaliza huigeuza na kuchunguza kitako: mbao ni zile za kiwandani au zimebadilishwa, na mhuri wa mkaguzi wa jeshi bado unasomeka? Asiporidhika huirudisha na kuchukua nyingine. Hakuna anayemharakisha.

Bunduki zenyewe ni M1 Garand, aina iliyobuniwa na John Garand na kupokelewa rasmi na Jeshi la Marekani mwaka 1936. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 5. Muuzaji ni Civilian Marksmanship Program, shirika lililotokana na mpango wa serikali ulioanza mwaka 1903 ili raia wafundishwe shabaha kabla ya kuitwa vitani; mwaka 1996 likaondolewa serikalini na kuwa shirika lisilo la faida. Bunduki nyingi linazouza zilikopeshwa nchi rafiki, zikakaa kwenye maghala ya Ufilipino na Uturuki kwa miongo kadhaa, kisha zikarudishwa kwa meli. Mnunuzi hutakiwa kuthibitisha uraia wa Marekani, kuwa mwanachama wa klabu inayotambuliwa, kuonyesha kwamba amewahi kushiriki mambo ya shabaha, na kuchunguzwa rekodi yake ya uhalifu.

Nje ya duka hilo kuna leseni ya wakusanyaji. Kwa dola 30 mtu hupata leseni ya miaka 3 inayomruhusu kuletewa nyumbani bunduki iliyotimiza miaka 50, kwa sharti kwamba kila inayoingia na kutoka iandikwe kwenye daftari ambalo wakaguzi wa serikali wanaweza kulikagua. Kwa miaka mingi kipenzi cha wenye leseni hizo kilikuwa Mosin-Nagant ya Urusi, iliyouzwa bei ya chini ikiwa imegandamana na grisi nzito ya ghalani. Mwenye nayo hushinda siku nzima akiifuta kwa maji ya moto na matambara ili mwaka na nembo ya kiwanda vionekane.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mzigo unaogusa zaidi ni ule wa Ethiopia. Katika miaka ya karibuni kampuni ya Marekani, Royal Tiger Imports, imeuza maelfu ya bunduki zilizotoka kwenye maghala ya nchi hiyo. Humo zimo Vetterli, aina ambayo askari wa Italia walikuwa nayo waliposhindwa Adwa mwaka 1896, Carcano za uvamizi wa mwaka 1935, na Mauser zilizotoka kiwanda cha FN cha Ubelgiji kwa ajili ya jeshi la Haile Selassie. Kutu na mbao zilizopasuka hazikuwakatisha tamaa wanunuzi. Karne nzima ya vita vya Pembe ya Afrika sasa inaning'inia kwenye kuta za sebule za Ohio na Texas.

Bariadi, mkoani Simiyu nchini Tanzania, hali ni nyingine kabisa. Huko bunduki ya jeshi ina majina ya taarifa za polisi: SMG ya rashasha, SAR ya nusu-otomatiki, Mark IV. Mark IV ndiyo Lee-Enfield namba 4 ya Mwingereza, ile ile ambayo mkusanyaji wa Anniston angeipaka mafuta na kuisimulia kwa wageni. Mkoani jina lake husikika pale kamanda wa polisi anapowaita waandishi wa habari, nayo imelazwa mezani na risasi zake pembeni, mara nyingi karibu na magobole mawili matatu ya wahunzi wa vijijini.

Mfugaji wa Meatu au mfanyabiashara wa pamba wa Maswa anayetaka bunduki kihalali huanzia serikali ya kijiji au mtaa. Maombi hupanda hadi kata, wilaya na polisi, na njiani huulizwa tabia yake ikoje na anataka kulinda nini. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala. Gari chakavu la serikali linaweza kupigwa mnada, lakini bunduki iliyochoka jeshini haina mnada. Tanzania imo katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo inazitaka nchi wanachama kuteketeza silaha ndogo za ziada na zilizokamatwa. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2016 pale Ngong, ambapo William Ruto, wakati huo Naibu Rais, aliwasha moto ulioteketeza zaidi ya bunduki 5,000.

Mtu aliyezoea Alabama anaweza kuona huo ni ukali usio na sababu. Sababu ipo, na Usukuma, nchi ya Wasukuma ambamo Bariadi imo, inaijua vizuri kuliko sehemu nyingi.

Tanzania ya leo ilishawahi kuwa soko huria la bunduki zilizostaafu. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujazwa risasi kwa nyuma, zile kuukuu za kushindiliwa baruti mdomoni zilipakiwa melini hadi Zanzibar, kisha zikapanda bara na misafara ya pembe. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mirambo alijenga dola yake Unyamwezi kwa silaha za namna hiyo. Watumwa walikamatwa kwazo na tembo wakaangushwa kwazo, ndipo Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukazuia biashara ya bunduki za kisasa.

Kisha vikaja Vita vya Kagera dhidi ya Uganda. Kati ya Oktoba 1978 na Juni 1979 maelfu ya mgambo walipewa silaha na kuvuka mpaka. Kampala ilianguka Aprili 1979, na baada ya vita si kila bunduki ilirudi ghalani. Wezi wa ng'ombe waliokuwa wanatumia mikuki na mishale wakaanza kuja na SMG, na zizi lililochukua maisha ya baba na babu kulijaza likawa tupu usiku mmoja. Sungusungu walizaliwa humo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutoka upande wa Kahama na Nzega hadi Usukuma yote: wanakijiji wenye pinde na mishale, wanaoitikia mwano, yaani yowe la hatari, unaopigwa kutoka mji hadi mji, wakiwakabili watu wenye silaha za jeshi. Januari 2016 rubani Mwingereza, Roger Gower, alipigwa risasi na majangili akiruka na helikopta juu ya Pori la Akiba la Maswa, akafa. Kwa watu wa Simiyu bunduki ya kivita haijapata muda wa kuwa kitu cha kale.

Kwa hiyo soko la wakusanyaji lisije Bariadi. Lakini kuna jambo ambalo wale wa Anniston wanalifanya vizuri nasi hatulifanyi: wanaisoma bunduki. Lee-Enfield imeandikwa wasifu wake kwenye chuma. Yenye herufi GRI ilitoka Ishapore, India. Ya Long Branch ilitoka Kanada, na iliyogongwa maneno U.S. PROPERTY ilitengenezwa na kiwanda cha Savage, Marekani, kwa ajili ya Mwingereza. Silaha za namna hiyo ndizo walizobeba askari wa King's African Rifles, wakiwamo Watanganyika, katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944. Majina ya wengi wa askari wale hayakuandikwa popote mkoani. Bunduki ikiyeyushwa kabla ya kusomwa, ushahidi mwingine wa safari yao unayeyuka nayo.

Uingereza ina njia ya katikati. Mtutu huzibwa na kukatwa kwa ndani, bolti husagwa isiweze kufyatua, kisha ofisi za ukaguzi za London au Birmingham hugonga alama na kutoa cheti. Bunduki iliyofanywa hivyo inaweza kukaa makumbusho bila kumtisha mtu. Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa mkoani Mwanza, tayari yanatunza ngoma na viti vya watemi. Mark IV moja iliyozibwa na gobole moja la mhunzi wa Usukuma vingekaa hapo kwa haki.

Nyingine zote ziteketezwe, ila kwanza zipigwe picha na alama zake ziandikwe. Watanzania wa ughaibuni waliojifunza kuzisoma wanaweza kufanya kazi hiyo kwa picha tu, bila kushika silaha wala kupanda ndege. Msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, ambao polisi huutangaza ifikapo Septemba, ndio wakati wa kuanzia, maana bunduki zinakuwa zimelala kituoni, zimeshaandikishwa, na tanuru bado halijawashwa.