Kijiji Ndani ya Jiji

Sisi tuliozaliwa Usangi, chini ya mlima Kindoroko, tuna mazoea ya kuyapima makazi kwa maji na kwa majirani. Kwetu Upare ya Kaskazini maji ya mfongo hukusanywa usiku katika ndiva, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Asiyefika kwenye msaragambo kuzoa tope hana uso wa kuidai zamu yake. Ndiyo maana tuingiapo mji mgeni twauliza kwanza: je, hapa watu wanadaiana nini?

Dar es Salaam, mkoa uliohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, haujibu swali hilo upesi. Lakini iko pembe moja ya Msasani iliyotujibu. Mtu akiiacha barabara kuu na kuingia vichochoroni, mara husikia jogoo. Nyumba zimekaribiana, kila moja na baraza yake. Mchanga umefagiwa tangu alfajiri. Ngalawa zimevutwa pwani. Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla jiji halijaifikia, na mtaa mmojawapo hata leo huitwa Bonde la Mpunga, ingawa kinachoota humo sasa ni nyumba. Jina limekataa kuhama, nasi twalishukuru.

Siku moja tulipokuwa huko mtaa ulifiwa. Kabla ya adhuhuri turubai lilikwisha fungwa, vijana wamekwenda kuchimba kaburi, na bibi mmoja anapita mlango hata mlango akichangisha mchele. Hakutuuliza tumetoka wapi. Alisema tu, "Wanangu, shikeni ndoo, maji yamepungua." Tukateka maji hata magharibi, tukiwa katika msaragambo usio na ndiva.

Kule Usangi, vijana wetu wengi wamehamia mijini. Fedha wanazozituma huwafikia wazee, na si haba, lakini koleo halishikwi na fedha. Na huku Msasani viwanja hununuliwa kimoja kimoja. Karibu na baraza tulipopumzika jioni ile ulisimama ukuta mrefu kuliko mtu, wenye lango la chuma. Tuliuliza nani akaaye humo. Mzee mwenyeji wetu akautazama ukuta kwa kitambo.

"Tunaliona gari lake tu," alisema. "Akifiwa, sisi tutajuaje?"