Jina la Bi Harusi Kwenye Kitabu cha Wageni

Wengi wenu mko mbioni na maandalizi ya harusi, na safari za kumsindikiza bi harusi haziishi, basi tuwasimulieni yaliyotukuta Mtwara.

Tulikuwa wanawake saba kutoka Unguja. Tulivuka kwa boti, tukalala Dar es Salaam, alfajiri tukapanda basi, tukaingia Mtwara magharibi imeshapita. Vyumba tulishavilipia kwa simu, Shangani. Si hii Shangani yetu ya Mji Mkongwe. Ya kule nayo iko ufukweni, pametulia, na upepo wake hauna mfano.

Kwenye kaunta kulikuwa na kitabu kikubwa cha wageni, kiko wazi. Jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho, namba ya simu, chumba. Kila mmoja wetu akajaza mstari wake. Nyuma yetu wanaume wawili wanasubiri zamu. Mhudumu akagawa funguo kwa sauti: "Bi harusi namba sita, akina mama saba na nane."

Saa tano usiku ujumbe ukaingia kwenye simu ya bi harusi, namba ngeni. Mtu anamkaribisha Mtwara kwa jina lake kamili na kumuuliza kama chumba namba sita kina joto. Baada ya muda mlango ukagongwa. Tukauliza nani, kimya. Tulilala sote saba chumba kimoja, meza tumeisukumia mlangoni.

Bi harusi alilia mpaka asubuhi, na si kwa sababu ya mlango. Aliogopa mchumba wake akiuona ule ujumbe atadhani kampa mtu namba. Hilo ndilo lililotuuma. Sote tulikuwa tumejistiri, wengine na nikabu, kumbe jina, simu na chumba tumeviacha wazi juu ya kaunta.

Surat An-Nur inatufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Sisi tunaona chumba ulicholipia, hata kwa usiku mmoja, ni nyumba yako.

Hatusemi mdanganye majina. Kujiandikisha ni utaratibu, na uongo si sitara. Ila mjue mnachokitoa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Ukilipa kwa simu yako, anayepokea anaona jina lako na namba yako. Na ile picha ya kitambulisho unayoambiwa uitume WhatsApp, mara nyingi inaingia kwenye simu ya mhudumu mwenyewe, na akiacha kazi anaondoka nayo.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Wakati ule hatukujua hata pa kuanzia. Tulihama asubuhi tu, na pesa yetu tukaiacha.

Siku hizi bi harusi hashiki simu kabla ya safari. Oda anaweka somo yake, malipo yanatoka kwa somo, na namba inayoandikwa kitabuni ni ya somo, mwanamke wa makamo asiyetishwa na ujumbe wa saa tano usiku.

Safari iliyofuata ya Mtwara, tulipofika kaunta, ni yeye aliyetangulia.

"Mwanangu, wageni wengine hawana haja ya kutusoma. Funika hayo majina. Na namba ya chumba usiitaje, niandikie kwenye karatasi."

Kijana akacheka kidogo. Akachukua gazeti, akafunika ukurasa, akabakisha mstari mmoja tu. Kisha akamsogezea somo funguo, bila kusema neno.