Soseji, epo na kikaango kimoja

Huku Köln baridi inauma, mitihani inanukia, na tumbo halijali hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo leo ni habari ya msosi.

Wenyeji wa huku wana chakula kinaitwa Himmel un Ääd, yaani Mbingu na Dunia. Mbingu ni epo, maana linaning'inia juu mtini. Dunia ni viazi, vinachimbwa ardhini. Viazi vinapondwa, epo linapikwa mpaka lilainike, halafu pembeni inawekwa soseji ya damu ya kukaanga, wao wanaiita Flönz. Sasa mwanafunzi na masufuria matatu wapi na wapi? Bwenini tunapika ya kikaango kimoja: soseji za kawaida, viazi, vitunguu na epo, vyote humo humo.

Ila kulikuwa na ishu. Korido yetu ina watu wanane na jiko moja. Kuna jamaa yetu wa Pemba, tangu Oktoba anakula mkate na chai chumbani kwake, kwa sababu vikaango vyote vya jikoni vimeshapita nguruwe. Halalamiki, hana ugomvi na mtu. Lakini jamani, kula peke yako miezi yote hiyo, ugenini? Nikasema huyu safari hii atakaa mezani na sisi.

Shughuli ikawa soseji. Wadau mlioko Ujerumani sikilizeni: kuandikwa ng'ombe mbele ya pakiti hakutoshi. Geuza, soma yale maandishi madogo ya nyuma. Nyama inaweza kuwa ya ng'ombe lakini ikafungwa ndani ya Schweinedarm, yaani utumbo wa nguruwe! Nikaibukia mtaa wa Weidengasse kwenye maduka ya Waturuki, nikapata za ng'ombe, halali, utumbo wa kondoo. Nikanunua na kikaango kipya kabisa.

Mapishi yenyewe ni haya. Soseji nne, kaanga mpaka ziwe kahawia, toa weka pembeni. Kwenye mafuta hayo hayo tia vitunguu viwili, kisha viazi vitano ulivyokata vyembamba. Chumvi, pilipili manga, kijiko kikubwa cha haradali. Wengine humimina bia, mimi nikatia nusu glasi ya juisi ya epo. Funika dakika kama kumi na tano. Viazi vikishaiva ndipo utie epo mbili chachu, zile zinazoitwa Boskoop, umezikata vipande vinene. Ukizitia mapema zinageuka uji. Rudisha soseji, dakika tano, epua.

Mpemba akaja, akachungulia. "Yakhe, matunda na nyama?"

Nikamwambia, "Kwani pilau ya kwenu haitiwi zabibu? Na Mchaga je, si anapika ndizi na nyama?"

Akacheka, lakini hakukaa. Nikampa pakiti ya soseji. Akaisoma mbele na nyuma, taratibu, kama mtu anayepewa mkataba asaini. Akakitazama kikaango, bado kina karatasi ya bei kwenye mpini. Halafu akavuta kiti. "Bismillahi."

Akala, akaongeza. "Mbatata zimekubali," akasema. Mjerumani wa chumba cha jirani naye akaja na sahani yake, akala kimya, mwisho akatamka kwamba imekosekana Flönz tu. Tulicheka mpaka basi, na Mpemba ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kikaango sasa kina msumari wake ukutani, na kibandiko cha Kijerumani kinachosema nguruwe marufuku. Mpaka leo korido nzima inaheshimu. Jumamosi ijayo zamu ya Mpemba, kaahidi biriani ya kuku, na kasema nisilete epo.

Nawasilisha.